Nusu ya Mchoro

Aliyemwambia Merian kwanza kwamba mwanawe hakuwa mtoto wa kawaida alikuwa wifi yake Elsi, mwalimu wa chekechea. Ulikuwa mchana mtulivu kisiwani Ambrym. Merian alikuwa akikuna viazi vikuu vya laplap, mkate wa kuokwa ndani ya majani, na jivu la volkano lilidondoka taratibu juu ya migomba kama kawaida yake.

"Wifi, huyu hakumfuata kaka yangu," Elsi alisema akicheka. "Kaka yangu mpaka leo akihesabu anavua viatu."

Wiki hiyo Elsi alikuwa akiwapima watoto kabla hawajaanza darasa la kwanza. Mbele ya kila mtoto alichora michoro ya mchangani, ile ya mstari mmoja unaozunguka bila kidole kuinuka. Kisha alifuta nusu na kusema, "Malizia." Wengine walichezea mchanga tu. Maseng, mtoto wa miaka mitano, aliimalizia yote, hata ile ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Merian alifurahi, akaona haya kufurahi. Baba mkwe wake, mzee Bule, aliacha kutafuna.

"Nani alifuta hiyo nusu?"

"Mimi, baba. Ni mtihani tu."

"Mtihani huo una mwenyewe. Bibi aliyeketi kwenye njia ya wafu. Marehemu akifika, anamfutia nusu. Asiyejua kumalizia, analiwa."

"Na anayejua?" Merian aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anapita."

Hakuna aliyeuliza anapita kwenda wapi.

Asubuhi iliyofuata, nusu ya mchoro ilikuwa uani, juu ya jivu jipya. Hapakuwa na nyayo. Merian aliifagia, hakumwambia mtu. Siku ya pili yake Maseng alimtangulia kuamka. Merian alimkuta amechuchumaa, kidole kinakimbia.

"Nani amekuchorea?"

"Bibi." Hakuinua macho. "Anasema mimi hodari kuliko wote. Bado mchoro mmoja tu, niingie shule yake."

"Shule ya shangazi Elsi?"

Mtoto alitikisa kichwa. Alionyesha kwa mdomo njia ya mlimani, ambako hakuna nyumba hata moja.

Mume wa Merian alikuwa ng'ambo kwenye kibarua cha kuchuma matunda. Hakuwa na wa kumngoja. Alimfunga Maseng mgongoni, mkubwa vile, akaishika mikono yake miwili mbele ya kifua chake, akashika njia ya kwa Elsi.

Jivu lilizidi. Njia ilikuwa tupu. Mtoto alisinzia, pumzi yake ikimpiga shingoni.

Merian aliona aibu kusema peke yake barabarani, lakini alisema.

"Bibi, kama ni kupima, nipime mimi," alinong'ona. "Mtoto mwache."

Ndege walinyamaza.

Kisha kidole kilianza kuchora mgongoni mwake.

"Maseng, acha mchezo."

Mtoto alikoroma kidogo. Mikono yake yote miwili ilikuwa viganjani mwa mama yake. Merian aliibana. Vidole kumi, vya moto, vimelegea.

Kile kingine kiliendelea. Kilikuwa baridi. Kilipita kati ya mgongo wake na kifua cha mtoto, pasipo nafasi ya kupitisha jani. Kilipinda. Kilizunguka. Hakikuinuka.

Hakugeuka. Alitembea.

Karibu na mlango wa Elsi, kilisimama.

Elsi alimvua Merian gauni, akamsugua mgongo kwa sabuni, kisha kwa mchanga. Alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mstari ulibaki, mweusi.

"Ni mchoro gani?" Merian aliuliza.

"Siujui, wifi." Elsi hakutania tena. "Umeishia nusu."

Kulipokucha, uani kwa Merian hapakuwa na mchoro. Maseng aliamka analia njaa, hakumtaja bibi. Merian alimfunga vifungo vya shati na kumpeleka darasani, akasimama dirishani mpaka Elsi alipoita jina lake naye akaitika.

Kisha alikwenda kwa mzee Bule. Hakuwahi kuketi karibu naye hivyo. Alipiga magoti kwenye jivu, akalisawazisha kwa kiganja.

"Baba, nifundishe kumalizia mchoro."

Mzee alimzunguka, akautazama mgongo wake pale gauni lilipoachia. Halafu alikishika kidole cha Merian na kukiweka kwenye jivu.

"Usikiinue," alinong'ona.