Kiti cha Kaleli

Santuri haiongezi mtu. Ikirekodiwa na mwanamume mmoja na gitaa lake, itabaki mwanamume mmoja na gitaa lake mpaka siku itakapovunjika, na anayebisha alete ushahidi. Kwa hiyo Jumatano ile ya mwaka wa 1958, Waceke alipopita kwenye hoteli ya Salehe pale Ruiru, vumbi la kahawa aliyoichambua kutwa likimwasha puani, akasikia mwanamke akiitikia nyuma ya sauti ya Kaleli, alisimama.

Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Aketch, jirani yake wa mezani kiwandani. Na Aketch, tangu Jumatatu, alikuwa kwao akifungua mdomo bila kutoa hata kikohozi.

Ndani, wasichana kumi na wawili walikuwa wamesimama wima wakitazama kiti kitupu.

Kiti kilikuwa kando ya gramafoni, kimevikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kilikuwa cha Kaleli, mwimbaji aliyekufa mwaka uliotangulia lori lilipopinduka. Wasichana waliukataa msiba. "Watu kama Kaleli hawafi," alisema Nelima, mkubwa wa kikundi chao, na tangu siku hiyo chai ya kwanza ya kila jioni ilimiminwa kwenye kikombe cha Kaleli, ikapoa, ikamwagwa. Katika wimbo wake Kaleli aliuliza, "Uko wapi, mpenzi?" nao wote wakaitika, "Niko!" Wasichana hawa hawa, mama akiwatuma maji, miguu inawauma. Msimamizi akiwaita kiwandani, wamekuwa viziwi. Lakini maiti akiuliza, wanasimama kama askari.

Siku hizi kikombe hakikuhitaji kumwagwa. Kilikutwa kikavu.

"Idah," Waceke alimwita mdogo wake, aliyekuwa mbele kabisa. "Twende nyumbani. Una mahojiano Jumatatu, ama umesahau?"

Mahojiano ya chuo cha ualimu, huko Thika. Katika ukoo mzima wa mzee Githinji hakuna msichana aliyewahi kufika hapo.

"Ameniita," Idah alinong'ona. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Kwa jina langu, Waceke. Kwenye santuri."

"Santuri haijui jina lako."

"Wee, hapa si mdahalo wa shule! Wiki iliyopita alimwita Aketch siku tatu mfululizo. Leo ni mimi. Kati ya hawa wote! Nikaitika."

Nelima alikuwa akikunja upya pembe ya kitambaa iliyokuwa tayari imekunjika vizuri. "Hiki nilikifuma mimi," alisema bila kumtazama mtu. "Kikombe naosha mimi. Na hata siku moja hajaniita."

Alhamisi, Salehe aliivunja santuri kwenye ngazi ya hoteli yake na vipande akavitia motoni jikoni. Ijumaa asubuhi alipofungua mlango aliikuta juu ya gramafoni, nzima, ina joto kidogo kama chapati iliyotoka kaangoni, na chumba kizima kilinuka mafuta ya nywele ya mwanamume na udongo uliochimbuliwa. Jioni Idah aliitwa mara ya pili. Akaitika. Alipofika nyumbani hakuweza tena kusema, alinong'ona tu, na uso wake ulikuwa na furaha iliyomfanya Waceke atamani kumzaba kofi.

Jumamosi mchana Salehe alimleta Bi Mishi, mganga wa Majengo ya Thika, mwanamke mfupi mwenye chetezo cha ubani. Bibi alikitazama kile kiti kutoka mlangoni kwa muda mrefu.

"Kaleli maskini amelala kaburini kwake, Mungu amrehemu," alisema polepole. "Hakuomba kiti. Nyinyi mmeweka kiti, mmemimina chai, mmesimama kumwita asiyekuwepo, mwaka mzima. Mlidhani ni nani angekuja kukaa?"

Bi Mishi alitia ubani kwenye makaa ya chetezo.

"Huyu hula kuitikiwa. Ukimwitikia peke yako mara tatu, sauti ni yake. Leo atamwita huyu binti mara ya mwisho, naye lazima awepo. Akikosa jibu, ataondoka mwenyewe. Lakini mtu asifungue mdomo. Hata mmoja!"

Wasichana wengine walitoka mbio. Nelima alibaki.

"Sitoki," alisema. "Nyinyi hamumjui kama ninavyomjua mimi."

"Basi chunga ulimi wako, mwanangu."

Waceke alimkumbatia Idah kwa nyuma na kumziba mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyegusa gramafoni, lakini santuri ilianza kuzunguka, kwanza polepole, gitaa likiburuta kama mtu mwenye mguu mbovu, kisha sawasawa, na ile harufu ya mafuta na udongo ikapanda kutoka sakafuni ikaumeza ubani wote, na moshi wa chetezo, badala ya kwenda juu, ukainama kuelekea kiti, ukakizunguka, ukaacha katikati yake nafasi yenye mabega. "Idah," santuri iliita kwa upole. Kimya. "Idah wangu." Idah alijipinda, akakiuma kiganja cha dada yake mpaka damu ikatiririka kwenye kidevu, na Waceke, ambaye hakuwahi maishani kunyamazia jambo lolote, aliumeza ukelele wake na kuzidi kukaza mkono huku kitambaa cha kufuma kikibonyea, kikombe kikiinuka kidogo kutoka kwenye kisahani, na ile sauti ikiuliza mara ya tatu, karibu sana, kama iliyo sikioni, "Idah, uko wapi?"

Kimya.

Sindano ilikwaruza. Kiti kililia, kana kwamba mtu anainuka.

"Na mimi je?" Nelima alipiga magoti mbele ya kiti, machozi yakimtoka. "Mwaka mzima! Niko! Niko! Niko!"

Santuri ilipasuka vipande viwili.

"Waceke," Idah alisema, sauti yake imerudi yote, akaanza kulia. Nelima alikuwa bado chini, akitabasamu, midomo ikienda, na hakuna kilichotoka.

Bi Mishi hakufurahi. Alikusanya vitu vyake. "Hakukosa jibu," alinong'ona. "Amekula. Aliyekula haendi mbali. Hutafuta kiti kingine."

Jumatatu, Thika, wasichana tisa walisubiri kwenye benchi nje ya chumba cha mahojiano. "Nikiita mara tatu bila jibu, nafuta jina," mtu alitangaza kutoka ndani, mlango ukiwa wazi kidogo tu. Waceke alisimama dirishani. Aliona ukingo wa meza. Aliona kiti cha wageni, kimevikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Lakini ni ofisi gani isiyo na vitambaa? Kando yake, kikombe cha chai kikitoa mvuke.

"Idah Githinji!"

Idah aliinuka nusu, akasita. Pua yake ilisogea, kama anayenusa kitu.

"Idah Githinji!"

Idah aligeuka, akamtazama dada yake, midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe, macho yakiuliza. Waceke, aliyeshinda kila mdahalo aliowahi kuingia, alifungua mdomo, na hakujua amwambie nini.

Ndani, mtu alivuta pumzi ili aite mara ya tatu.