Haanguki, Lakini Hacheki

Siku ya soko, Mgeta hailali. Filomena aliamka mapema, akapika uji, kisha akapanga kabichi kwenye tenga. Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Malori ya watu binafsi yalipanda mlima kutoka Dar es Salaam na kushuka na mboga. Mumewe, Thobias, hakurudi kutoka sokoni mikono mitupu. Mara sweta la mtumba, mara biskuti, mara viatu. Vingi vilikuwa vya Devotha, binti yao wa miaka tisa, anayemfuata kaka yake Leonard.

Devotha alikuwa na kifafa. Tangu aanze vidonge, hakuanguka tena. Hata kilo ziliongezeka. Lakini alikuwa mkimya mno. Alikaa mlangoni na viatu vyake vizuri, akiwatazama wenzake wakiteremka kwenda shule, ambako yeye hakupelekwa kwa hofu ya kuanguka.

"Tumempa kila kitu," Thobias alisema. "Sasa anakosa nini?"

Filomena naye alijiuliza hivyo hivyo.

Siku hiyo ya soko alimpeleka binti yake zahanati kuchukua vidonge. Walimkuta nesi Saada, mwenyeji wa Mlali, mama mcheshi.

"Shikamoo," Devotha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri sana," Filomena alidakia. "Haanguki, na amenenepa."

Saada alicheka. "Mama Leonard, nimemuuliza mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Filomena aliona haya. Kwao, mama akiwepo, mtoto hajisemei mbele ya wakubwa.

Saada alichukua chaki, akachora sakafuni nyuso tatu. Mmoja unacheka, mmoja umetulia, mmoja unalia.

"Hakuna jibu baya hapa, Devotha. Nikitaja jambo, onyesha uso wako. Usingizi?"

Devotha aligusa uso unaocheka.

"Michezo? Shule?"

Kidole kilikwenda kwenye uso unaolia.

"Kula?"

Kidole kilibaki pale pale.

"Kula!" Filomena aliruka. "Nesi, huyu anapikiwa mayai!"

"Mwache aseme, mama."

"Chakula ni kitamu," Devotha alinong'ona. "Lakini Leonard na wenzake wanakula pamoja. Mimi nina bakuli langu, nakula peke yangu."

Bakuli lile alilitenga Filomena mwenyewe.

"Watu wanasema mate yake yanaambukiza," alisema kwa sauti ya chini. "Nina watoto wengine, nesi. Ningefanyaje?"

Saada hakumgombeza. "Uliogopa, ndio uzazi huo. Lakini kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa sahani, si kwa kumshika. Akianguka, ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, mlete mbio. Vidonge asiache, hata mkimwona mzima. Motoni na mtoni asiwe peke yake. Mengine, mwacheni aishi! Mizani inapima kilo tu. Maisha ya mtoto tunayapima pia kwa kumuuliza mwenyewe: analala? Anacheza? Anasoma? Ana rafiki?"

"Na shule?" Filomena aliuliza.

"Nitakwenda kuzungumza na mwalimu."

Nyumbani, Thobias aliposikia alikunja uso. "Na wale wengine wakipata?"

Filomena hakubishana. Jioni alipakua ugali kwenye sinia moja, akamwita Devotha. Watoto wote walimtazama baba yao. Devotha alisimama, hajui aende wapi. Filomena alichukua kikombe ambacho Devotha alikuwa amekinywea, akanywa maji yaliyobaki hadi tone la mwisho.

Thobias alikitazama kile kikombe kitupu. Kisha akasema, "Leonard, sogea. Mpishe mdogo wako."

Usiku ule Devotha alikula kwa woga, akimega pembeni tu ya ugali. Wiki iliyofuata alianza kwenda shule. Mwalimu alikwishawaeleza wanafunzi la kufanya Devotha akianguka. Aliporudi, sweta lilikuwa na matope, na jina la rafiki yake, Riziki, halikumtoka mdomoni.

Jioni moja, Filomena na Thobias walikuwa uani wakifunga kabichi za sokoni. Ghafla makelele yalilipuka ndani.

"Mama! Devotha amemaliza mboga yote!"

"Mwongo! Umeanza wewe!"

Vikafuata vicheko na vishindo. Thobias aliinuka kwa hasira kwenda kuwanyamazisha. Filomena alimshika mkono. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Waache, Baba Leonard," alisema. "Husikii? Anacheka."