Aliyeitika Ghalani

Kiti cha dereva kilikuwa na joto.

Wekoye aliondoa kiganja, akakirudisha taratibu, kama anayepima homa ya mtoto. Ghala lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo tu. Kufuli la zamani lilikatwa kwa msumeno, kwa kuwa ufunguo ulipotea pamoja na akili za mwenyewe, Bwana Jaswant, aliyefariki miezi michache kabla. Ndani, magari yalisimama juu ya magogo, matairi yamepasuka kama visigino, vumbi limelala juu ya kila kitu. Kila kitu, isipokuwa kiti kile cha gari jeusi. Ngozi yake ilikuwa safi, imebonyea katikati, na ilitoa harufu ya kitu kilichotoka dukani leo.

"Ni jua," alimwambia mwajiri wake, Bwana Ajit.

Ajit alikubali haraka. Ghala halikuwa na dirisha hata moja na wote wawili walilijua hilo, lakini kuna watu ambao wangependa kufa kuliko kuonekana wajinga, na siku hiyo walikutana wawili.

Huo ulikuwa mwaka wa 1951, mjini Kitale. Jaswant, baba yake Ajit, aliyaleta magari yale kwa treni, reli ikiwa bado changa, ili awauzie masetla wa Kizungu. Kisha bei ya mahindi ikaanguka, nzige wakala kilichobaki, na mabwana waliokuwa wameagiza magari wakarudi kwenye mikokoteni ya ng'ombe wakijifanya wanapenda hewa safi. Jaswant alishauriwa apunguze bei. Alisema gari jipya si maharagwe ya kupimwa kwa mkebe, akafunga ghala angoje wanunuzi wapate akili. Vita vikaja, vikaisha. Magari yakasahauliwa, hayajawahi kukaliwa na mtu.

Sasa Ajit alilitaka ghala, si magari, na dalali alikuwa ameshatangaza mnada. Kazi ya Wekoye, fundi kutoka Mabanga, ilikuwa kufufua yale yatakayofufuka. Akimaliza vizuri, karakana mpya ya Kiminini ingekuwa mikononi mwake. Kwa ajili ya karakana hiyo alihamia chumba cha nyuma ya ghala pamoja na mkewe Dinah na mtoto wao wa kwanza, Eliakim, ambaye alikuwa hajaota jino.

Mtoto alianza kulia siku ile ile ghala lilipofunguliwa.

Hakuwa akilia njaa wala tumbo. Alilia akiwa ameugeuza uso upande wa ukuta wa ghala, na kila alipogeuzwa alijipindapinda mpaka akaurudia. Hospitalini waliambiwa mapafu yake ni mazima, jambo ambalo majirani walikuwa wakilijua tayari. Dinah aliomba jinsi alivyofundishwa na wamisheni wa Lugulu, akiwa amefumba macho. Siku moja mchana, akifua, alisikia mlango wa gari ukifungwa ghalani. Haukubamizwa. Ulifungwa kwa upole, jinsi mtu anavyofunga mlango wa gari alilolinunua mwenyewe. Mumewe alikuwa mbele yake, anakunywa uji.

"Umesikia?"

"Ni mabati. Jua likipanda yanalia."

"Leo kuna jua?"

Wekoye aliitazama mvua, akaendelea na uji wake.

Mtoto alipoanza kukonda, ujumbe ulipelekwa nyumbani, na mama yake Wekoye, Rispah, akafika kutoka Mabanga juu ya lori la mahindi. Hakuuliza habari za hospitali. Alimtazama mjukuu wake akasema huyu haumwi, huyu ana mtu. Kwao Wabukusu, mtoto anayelia bila kukoma anadai jina la mmoja wa marehemu wa ukoo. Mama humweka titini, bibi huita majina ya waliokufa, na jina litakalomnyamazisha akanyonya ndilo lake. Dinah alisema mtoto ana jina tayari, limeandikwa kanisani. Rispah akamwambia basi kanisa lije limnyonyeshe.

Wawili hawa walikuwa na ugomvi wa zamani. Kule Lugulu Dinah aliona mmisheni na mkewe wakiitana kwa majina, akaamua hayo ndiyo maendeleo, akawa anamwita mumewe Wekoye, tena nje, watu wakisikia. Wanawake wa Mabanga husema Baba Fulani, yakaisha. "Unamwita mwanangu kama mbwa anayengojwa aje ale," Rispah alimwambia mwaka wa harusi, na Dinah akacheka.

Alasiri hiyo mvua ya Kitale ilipiga mabati kama kokoto. Wekoye alikuwa ameaga kwamba anakwenda stesheni kuchukua betri. Dinah alikaa kitandani na mtoto, Rispah akasimama mlangoni, akaanza kuita. Aliita babu, akaita ndugu za babu, akaita mashangazi waliokufa wakizaa na vijana waliochukuliwa vitani kubeba mizigo wasirudi, na kila jina mtoto alilitema pamoja na maziwa, sauti yake imekwaruzika, mpaka bibi akaishiwa na watu aliowajua akaanza kuita wale aliowasikia katika masimulizi tu, na Dinah, akiona midomo ya mwanawe inageuka rangi ya majivu, akaisahau Lugulu na akamsahau mama mkwe aliye mlangoni na akasahau kwamba majina yaliyokuwa yakiitwa chumbani mle yalikuwa ya wafu peke yao, akapaza sauti kumwita mtu mmoja aliyemtaka awe karibu naye.

"Wekoye!"

"Naam," sauti ya mumewe ikaitika kutoka ghalani.

Mtoto akanyamaza. Akalishika titi, akanyonya.

Kwa muda Dinah hakusikia kitu ila koo dogo likimeza. "Mayi, ananyonya," alisema, na kumwita Rispah mama kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa. Rispah alikuwa ameshika mwimo wa mlango, anatazama barabarani, na kutoka huko barabarani Wekoye alikuwa anakuja, amelowa chapa, betri begani imefunikwa gunia, ufunguo wa kufuli jipya la ghala unaning'inia shingoni kwa kamba. Aliingia akauliza kwa nini wanamtazama hivyo.

"Ulikuwa wapi?" Dinah alinong'ona.

"Stesheni. Si nilikuambia?"

"Ghalani kuna nani?"

"Nani tena? Nimefunga mimi."

Rispah alijishusha sakafuni, miguu ameinyosha mbele, kama wanavyokaa wanawake matangani. "Umemhesabu mume wako pamoja na wafu," alimwambia Dinah, kwa sauti ndogo. "Na kuna mtu amekubali."

Walijaribu kulirudisha jina. Walipomwita mtoto Eliakim alilia mpaka pumzi ikamkatika, wakamwagia maji ndipo akarudi. Walipomwita Wekoye alitulia, akaugeukia ule ukuta akatabasamu. Wakaliacha. Hakuna mzazi ambaye angefanya jingine, na wanaosema wangefanya hawajamshika mtoto asiyepumua.

Dinah, ambaye alikuwa ameapa mbele ya kanisa zima kwamba hatakanyaga kwa waganga, alijifunika leso akaenda kwa Maalim Kombo, mtu wa pwani aliyefundisha watoto Kurani karibu na soko. Maalim alikuja mchana, akaomba chai kwanza, akalizunguka ghala na kikombe mkononi. Aliporudi chai ilikuwa bado imejaa.

"Kwetu huyu tunamwita jini," alisema.

Dinah alimuuliza hutolewaje.

"Namuuliza jina. Akilitaja, nimepata pa kumshikia. Huyu hakuwa nalo, mama. Amekaa humo miaka yote anangoja mwenye gari aje, amwite. Leo nikimuuliza atasema yeye ni Wekoye, na hatakuwa amesema uongo. Sasa nikimfukuza Wekoye hapa, atakayetoka ni yupi?"

Alikataa kupewa hata kuku. Hilo lilimtisha Dinah kuliko maneno yenyewe.

Alimsihi mumewe waondoke. Wekoye alisema mnada upite kwanza. Alisema Kiminini wanamngoja. "Unataka nimwambie Ajit ati ninakimbia kiti?" aliuliza, akacheka, na Dinah akaona kwamba kicheko kilitangulia na midomo ikafuata nyuma.

Tangu hapo Wekoye aliacha kulisikia jina lake. Ajit alikuwa akisimama uani na kuita Wekoye, Wekoye, naye Wekoye akiwa hatua chache tu kutoka hapo anakaza skrubu wala hageuki, kisha sauti inaitika kutoka ndani ya ghala, sauti yake, yenye heshima, inasema naam bwana, na Ajit anatoa maagizo yake mlangoni na kuondoka ameridhika. Na kwa kweli kazi ilikwenda vizuri ajabu, magari ambayo hayakuwa na tone la petroli yalinguruma yakanyamaza, rangi zikarudi, ngozi za viti zikanukia mpaka chumbani kwenye chakula, huku fundi mwenyewe akizidi kukaa kitandani akiitazama mikono yake kama vyombo alivyoazima kwa jirani na sasa hakumbuki ni jirani gani. Asubuhi moja alimuuliza mkewe, taratibu, bila hofu yoyote, "Mimi naitwa nani?" Dinah alifungua mdomo, akaufunga. Alijua akilitamka, atakayekuja si huyu.

"Wewe ni mume wangu," alimwambia.

"Sawa," alisema Wekoye. Hakuonekana kuamini.

Siku ya mnada uwanja ulijaa. Masetla walikuja na mbwa zao, wafanyabiashara wa mjini na wake zao, na wengine walikuja kucheka tu. Wekoye aliingia ghalani mapema kuliwasha gari la kwanza. Baadaye kidogo akatoka, akaja moja kwa moja kwenye ua wa michongoma alikosimama Dinah, akampokea mtoto. Mikono yake ilikuwa safi, hata kucha. Dinah alifurahi. Ni aibu kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa: alifurahi, akaegemea bega lake, na bega lilikuwa na joto.

Magari yalitoka moja moja, mengine yakisukumwa, mengine kwa nguvu zake yenyewe, dalali akapiga kelele zake, yakaondoka. La mwisho lilikuwa lile jeusi. Lilitoka ghalani polepole, na ndani yake alikaa mtu wa ovaroli, ameinama juu ya usukani. Hakuna aliyeshangaa. Ajit alidhani ni dereva wa dalali, dalali alidhani ni wa Ajit, na masetla hawakuwa na desturi ya kutazama uso wa dereva. Setla mmoja kutoka Endebess alilinunua, akauliza kwa mzaha kama mtu huyo anauzwa na gari. Watu wakacheka.

Dinah alimtazama yule mtu shingoni, pale nywele zinapoishia, mahali ambapo mke hupajua.

"Wekoye," aliita, kwa kunong'ona.

"Naam," alisema aliyekuwa ubavuni pake, amembeba mtoto.

Aliye kwenye gari hakutikisika. Ndipo Dinah, ambaye hakuwahi kulisema neno hilo tangu aolewe, alilisema kama wanawake wote wa Mabanga wanavyolisema, kwa aibu, akitazama chini.

"Baba Eliakim."

Mtu yule akageuka. Aligeuza kichwa tu, kwa taabu, kama aliyefungwa kamba, na uso ulikuwa wa mumewe, umelowa machozi, na mdomo ulifunguka nyuma ya kioo ukasema kitu kirefu ambacho hakikutoka nje, na mikono haikuachia usukani kwa sababu haikuweza, na setla alikuwa ameshapanda nyuma na mbwa wake, na gari likaanza kwenda, na Dinah akaruka kumkimbilia, na hakuwa amepiga hata hatua ya pili aliposikia nyuma yake sauti ile ya upole, yenye heshima, ikisema bila haraka:

"Ukienda, mtoto atalia."

Alikuwa amemhamishia mtoto kwenye mkono wa pili, ule wa mbali. Dinah alisimama. Gari likashika njia ya Endebess, na yeye akaendelea kusimama hata vumbi lilipokwisha.

Yule aliyebaki na mtoto aliikataa karakana ya Kiminini. Ajit alishangaa, akampa mtu mwingine. Walirudi Mabanga kulima. Mabanga walimsifu sana. Halewi, hapigi mke, haugui, shamba lake halioti gugu. Wanawake walimwambia Dinah amshukuru Mungu, naye alishukuru, kwa sauti, wakisikia. Rispah alimpakulia mwanaume huyo chakula siku ya kwanza bila kumwita chochote, kisha akahamia kwa binti yake ng'ambo ya mto. Dereva mmoja wa lori, alipoulizwa kwa siri, alisema gari jeusi la Endebess analijua, linatembea vizuri, ila dereva wake hashuki.

Mwaka uliofuata Dinah alijifungua tena. Rispah alikuja, kwa sababu desturi ni desturi hata kwa aliyekata tamaa. Mtoto alitoka mzima, macho wazi. Mkunga alimpiga makalio, akamning'iniza miguu juu, akampuliza puani. Hakulia. Alimtazama tu mkunga, kama anayengoja amalize. Rispah alikaa kando ya kitanda na orodha nzima ya wafu wa ukoo kifuani mwake, akingoja kilio ili aanze kuita, na akangoja siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka akafunga leso yake akaondoka bila kuaga.

Mtoto huyo hakupata jina. Baba yake hamwiti. Anapotaka aje husimama tu mlangoni na kumtazama, na mtoto, popote alipo, huacha anachofanya akaanza kutambaa.