Gunia la Sufu

Mkimuona Donatille wa kwaya yetu ya Brooklyn Park ananawa mikono mara tatu, msimcheke. Tabia hiyo ilianza mwezi wa kumi, majani yakidondoka. Mdogo wake Uwineza alikuwa karibu kujifungua, na Donatille alitaka kumfumia mtoto shali kwa mkono wake. Basi mchana mmoja akaendesha gari hadi shamba moja nje ya mji wa Anoka, ambako bibi mmoja wa Kizungu alikuwa akiuza sufu.

"Magunia yapo kule ndani ya ghala, nyuma kabisa. Ingia uchague," bibi alimwambia, naye akabaki mlangoni.

Ndani kulikuwa giza, na kulinuka mkojo uliochacha. Donatille akawa anakwenda kwa kupapasa. Pembeni akasikia kitu kinatafuna taratibu, kwa mate mengi.

"Kondoo wako wanakula saa hizi?" akauliza kwa sauti.

"Kondoo gani? Niliwauza wote mwezi wa nane."

Kutafuna kukakoma.

Donatille alikuwa ameshaingiza mkono kwenye gunia lililokuwa karibu. Sufu ilikuwa ya moto, imelowa ute uliovutika vidoleni mwake kama kamasi. Alipotaka kuchomoa mkono, kidole kikanasa kwenye kitu chembamba. Ilikuwa sufu iliyosukwa vizuri, nyuzi tatu, kama nywele za mtoto anayepelekwa kanisani. Akavuta ili ajinasue.

Na kule ndani ya gunia, kitu nacho kikavuta, kwanza polepole, kisha kwa nguvu.