Mama, Mkungu Upo?

Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, Bi Tatu huketi barazani na kushika simu yake mkononi. Hapo usimsemeshe. Anasubiri kupigiwa na Nuru, mwanawe wa kwanza.

Nuru yuko Muscat. Anafanya kazi kwenye nyumba ya watu. Aliondoka Mtwara miaka saba iliyopita akiwa na begi moja. Alisema anakwenda kwa miaka miwili tu. Bi Tatu amebaki hapa Ufukoni na mwanawe wa pili, Amiri, mkulima wa korosho mwenye shamba Mtawanya.

Simu ikilia, mama na mwana husalimiana na kuulizana afya. Kisha Nuru huuliza swali lake lile lile.

"Mama, mkungu upo?"

"Upo, mwanangu."

"Mnakaa?"

"Tunakaa. Jana tu tulikaa na akina Bi Farida mpaka magharibi."

"Basi washa video nione."

"Kamera ya simu hii imekufa, Nuru. Nimeshakwambia."

Kamera ilikuwa nzima. Bi Tatu alikuwa anadanganya, na kila Ijumaa uongo huo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mkungu huo aliupanda marehemu Mzee Shafii, baba yake Nuru, mwaka ule Nuru alipozaliwa. Aliupanda katikati ya bustani ya mtaa, ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yao. Mti ukakua na kutandaza kivuli. Chini yake pakajengwa benchi la saruji. Jioni Mzee Shafii alikaa upande mmoja na Bi Tatu upande wa pili. Nuru alikaa katikati, akigonga kungu kwa jiwe ili ale kiini chake.

Siku hizi benchi halionekani. Ngoja niwaambie sababu, na watu wa mtaa ule wasininunie. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, na wao wanaitii sana. Kila mtu hufagia uwanja wake mpaka unang'aa. Kisha hubeba taka zake, huvuka barabara, na kuzimwaga bustanini. Bustani si ya mtu, wanasema. Nepi, chupa za plastiki, vifuu vya nazi, viatu vilivyokatika, vyote vimefika pale. Bi Tatu naye amemwaga. Ndiyo maana hakuweza kumlaumu mtu.

Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, Nuru alipiga simu akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, nimepewa likizo! Nakuja mwezi wa kumi na mbili! Nikifika sitaki hata kufungua begi. Nataka tukakae chini ya mkungu wa baba, mimi na wewe."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Tatu. Simu ilipokatika, alijifunika uso kwa kanga.

Amiri alirudi kutoka shamba akamkuta hivyo.

"Mama, kuna msiba?"

"Dada yako anakuja."

"Sasa unalia nini?"

Bi Tatu akamwonesha bustani kwa kidole. "Miaka yote namwambia tunakaa pale. Mtoto anatamani kivuli cha baba yake. Akija nitampeleka wapi? Kwenye jalala?"

Amiri ni mtu wa haraka. Ukimwambia una kiu, ameshaangua dafu. "Kumbe ni hilo tu!" alisema. "Keshokutwa naita watu. Tutaisafisha kama tunavyosafisha mikorosho."

Mwezi wa tisa ndio wakati wa kusafisha mashamba ya korosho. Watu hufyeka na kufagia chini ya miti, hukusanya majani na kuyachoma, ili korosho zikianguka zionekane. Kazi hiyo Amiri anaijua vizuri sana. Tatizo ni kwamba bustani si shamba.

Jumapili walikuja watu kumi na wawili. Walivaa kandambili, na mikono yao ilikuwa mitupu. Amiri alileta magunia kutoka stoo yake. Yalikuwa magunia matupu ya salfa, ile dawa ya unga wa njano wanayopuliza kwenye mikorosho.

"Magunia imara haya," alisema Amiri. "Jazeni."

Wakajaza. Unga wa njano uliobaki ukawapanda usoni. Watu wakaanza kufikicha macho, lakini kazi iliendelea. Saa sita mchana lundo lilikuwa kubwa, pale pale chini ya mkungu, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli cha kufanyia kazi.

"Haya, sasa tunayapeleka wapi?" aliuliza Josephu, jirani anayefanya kazi bandarini.

Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo.

"Tuchome," alisema Amiri, akawasha kiberiti.

Plastiki ikashika moto upesi. Moshi mweusi ukapanda. Magunia ya salfa yalipoanza kuungua, ikatoka harufu kali ya kukaba roho. Watu walikohoa, machozi yakawatoka. Na moto ukainuka mpaka kwenye matawi.

Bi Tatu alikuwa barazani. "Amiri! Mti! Mti wa baba yako!" alipiga kelele, akavuka barabara na ndoo ya maji.

Raheli alitoka nyumba ya tatu akikimbia. Raheli ni afisa afya wa kata. Kwao ni Njombe, lakini ameishi Mtwara miaka minne. Watu humwita Bibi Afya.

"Tokeni kwenye moshi!" aliita. "Piteni huku upepo unakotoka! Mama Nuru, rudi! Usiusogelee!"

Moto ulizimwa kwa mchanga na maji kutoka mbali. Raheli akamgeukia Amiri, ambaye macho yake yalikuwa mekundu.

"Usifikiche, kaka. Fungua macho, nikumiminie maji safi. Tutamimina kwa robo saa nzima."

"Mimi nimechomwa na kitu," alisema Josephu, akionesha kidole chake. "Ilikuwa sindano ndani ya takataka."

"Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue damu. Halafu nenda kituo cha afya sasa hivi. Usingoje kesho, kuna dawa za kukinga virusi vya Ukimwi ambazo lazima zianze mapema."

Josephu alikwenda. Alipewa dawa, na baadaye vipimo vyake vilikuwa vizuri. Mkungu haukuwa na bahati hiyo. Upande wake mzima wa kusini ulikuwa mweusi.

Ijumaa ilifika. "Mama, mkungu upo?" aliuliza Nuru.

"Upo," alisema Bi Tatu. Akageuza uso asiuone ule upande mweusi.

Jioni hiyo Raheli alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, Mama Nuru."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Amiri alikuwa kwenye kona, ameinamisha kichwa. Bi Tatu akamweleza Raheli habari yote, na uongo wake hakuuficha.

"Nakuelewa, mama," alisema Raheli. "Mimi nikipiga simu nyumbani, huuliza kwanza habari za ng'ombe wetu mmoja. Anaitwa Tausi. Mama yangu hunijibu hajambo. Sijui kama yupo kweli."

Wote wakacheka, hata Amiri.

"Dada Raheli, nilikosea wapi?" aliuliza Amiri. "Watu walikuja, kazi walifanya."

"Ulianza na ufagio, kaka. Kabla hujashika ufagio, jiulize: taka hizi zitakwenda wapi? Ukikosa jibu, usiite watu."

"Na kuchoma?"

"Shambani mnachoma majani. Hapa mmechoma plastiki. Moshi wake una sumu, unaharibu mapafu. Na moto karibu na mti unaua mti. Wala magunia ya salfa hayafai kwa kazi nyingine yoyote. Yale yaliyobaki stoo, usiyachome wala usiyatupe. Muulize bwana shamba yapelekwe wapi."

"Kwa hiyo tufanyeje? Dada anakuja."

"Kesho tukaione bustani kwanza. Tuende na daftari, bila ufagio."

Kesho yake walizunguka bustani pamoja na Bi Farida, mwenyekiti wa mtaa. Raheli aliandika kila walichokiona: chupa ziko wapi, vioo viko wapi, sindano zimeonekana wapi. Alihesabu watu wangapi watahitajika.

"Bi Farida," alisema, "wewe andika barua kwa halmashauri. Tuombe gari la taka kwa siku moja, maana lile la kila Jumanne halitatosha. Tusipange tarehe mpaka watujibu."

"Barua naandika leo," alisema Bi Farida. "Lakini Bibi Afya, nakwambia ukweli. Tutasafisha Jumamosi, na Jumapili watamwaga tena."

"Ndiyo maana tunahitaji mkutano."

Mkutano ulifanyika bustanini, kando ya lile lundo lililoungua. Watu walikuja kwa kusitasita. Mmoja alisema usafi ni kazi ya serikali. Mwingine alisema bustani haina faida. Ndipo Bi Tatu akasimama. Hakuzoea kusema mbele za watu.

"Mwanangu yuko mbali," alisema. "Kila Ijumaa ananiuliza kama mkungu wa baba yake upo na kama tunakaa. Namwambia tunakaa. Namdanganya mtoto wangu, jamani. Na taka hizi, mimi pia nimezimwaga. Nani hapa ana mtu wake mbali?"

Mkono mmoja ukainuka. Ukafuata wa pili. Mwisho ilikuwa karibu mikono yote. Mmoja alikuwa na mume Dar es Salaam, mwingine mtoto Tanga, mwingine kaka ng'ambo ya mto Ruvuma.

"Wakirudi tutawakalisha wapi?" aliuliza Bi Tatu, akakaa chini.

Hakuna aliyetaja serikali tena. Walikubaliana kwamba kila nyumba itaweka taka zake kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka Jumanne, siku gari linapopita. Wakapanga pia zamu ya kufagia, nyumba mbili kila wiki.

Jibu la barua lilikuja baada ya wiki mbili. Gari lilipatikana kwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi. Siku hiyo walikuja watu arobaini na mmoja. Raheli aliwapanga kabla hawajagusa kitu.

"Kila mtu avae glavu na viatu vya kufunika vidole. Asiye na viatu hivyo atasimamia maji ya kunywa na ya kunawa. Ukiona sindano, usiishike. Niite mimi."

Yeye alikuwa na koleo refu la kubania na kopo gumu lenye mfuniko. Sindano zote ziliingia humo, na kopo likapelekwa kituo cha afya. Chupa za plastiki ziliwekwa pembeni, na mnunuzi wa chupa akazichukua. Majani makavu yalifukiwa kwenye shimo yaoze yawe mboji. Taka nyingine zote zilipandishwa kwenye gari.

Amiri alifanya kazi kama mtu anayelipa deni. Kila mtu alipotaja kiberiti, na walikitaja makusudi, aliinama na kucheka kwa aibu.

Saa tano jembe la Josephu liligonga kitu kigumu. Walifukua kwa mikono. Lilikuwa benchi, zima, na pembeni pake Nuru aliwahi kuandika jina lake saruji ilipokuwa mbichi. Bi Tatu alipitisha kidole kwenye herufi zile nne, moja baada ya nyingine.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza. Bi Tatu alihesabu siku. Alipaka chokaa chumba cha Nuru, akanunua shuka mpya. Wiki moja kabla ya safari, simu ililia. Ilikuwa Jumatano, si Ijumaa.

"Mama, nisamehe. Likizo yangu imesogezwa. Labda mwezi wa nne."

Bi Tatu alitaka kusema si kitu, lakini ilikuwa kitu. "Nimekukumbuka mno, Nuru," alisema. "Nimechoka kukukumbuka."

"Mimi pia, mama." Kisha Nuru akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta pa kushika, "Mkungu upo?"

Bi Tatu aliinuka, akavuka barabara, akaingia bustanini. Kisha akawasha video na kuielekeza juu.

"Tazama mwenyewe," alisema.

Nuru akasema, "Mama! Kamera imepona?"

"Ilikuwa nzima siku zote. Nilikudanganya, mwanangu. Hapa palikuwa jalala, nikaona aibu kukuonesha."

Akamweleza yote. Nuru alisikiliza huku akiutazama mti.

"Upande ule umeungua," alisema mwishowe.

"Tuliuunguza sisi wenyewe, kwa kutojua. Lakini ona hapa, chini ya tawi. Unachipua."

Nuru aliyaona majani mapya, madogo, ya kijani kibichi. Akacheka huku analia.

"Mama, na benchi?"

Bi Tatu akamwonesha benchi, na jina lake pembeni.

"Niweke hapo katikati," alisema Nuru. "Halafu na wewe ukae."

Bi Tatu aliisimamisha simu katikati ya benchi, akaiegemeza kwenye jiwe. Akakaa upande wake wa siku zote. Upande wa Mzee Shafii ulibaki wazi. Waliusikiliza upepo ukipita kwenye majani, mpaka bando likaisha.

Bi Tatu aliendelea kukaa. Chini ya benchi aliona kungu moja iliyoiva. Akaiokota, akaifuta kwa pindo la kanga, akaenda kuiweka ndani pamoja na zile nyingine anazomkaushia Nuru.