Chekecheke la Maneno

Chekecheke lilitema neno hewani, herufi za mwanga zikaning'inia mbele ya pua ya Sudi: "Water."

"Maji," Sudi akasema. "Ila pia ni kumwagilia. Mama yangu kila asubuhi anamwagilia mchicha kabla hajanywa chai. Anauongelesha kama mtu."

"Asante, Sudi," Chekecheke likasema. "Anauambia nini?"

Kazi ndiyo hiyo. Chekecheke, mashine kubwa kama nyumba ya vyumba vitatu, ilijua kila kitu ila ilichanganyikiwa na maneno ya Kiingereza ambayo ni kitu na hapo hapo ni tendo. Kamusi hazikuisaidia. Ilitaka mifano ya kweli, ya nyumbani, kwa sauti ya mtu. Kwa hiyo watu mia mbili walifungiwa kambini Tabora Mpya miezi sita, bila simu, wanasimulia tu. Sudi aliishia darasa la sita, Kiingereza kaokota kwa madereva wa malori, lakini ndiye aliyekuwa anaongoza kwa mifano. "Hand" ni mkono, na pia kumpa mtu kitu. Akasimulia siku mama alipompa shati la marehemu baba. "Name" ni jina, na pia kumwita mtu jina. Akalitaja jina la utani analoitwa na mama peke yake.

Mwezi wa sita akaanza kukereka. Mbona linauliza sana? Mama alicheka vipi, alilia muda gani, hayo yanahusiana nini na Kiingereza?

Akamfuata msimamizi, Nyamizi.

"Dada, nipe simu dakika mbili. Mama atadhani nimekufa."

"Mama yako hajambo. Jana mmeongea nusu saa."

"Nani kaongea?"

Nyamizi akainamia kishikwambi chake. "Si ulisaini, kaka? Ukurasa wa tisa. Nyumbani tunawapigia sisi, kwa sauti zenu, wasiwe na wasiwasi."

"Nani anasoma mpaka ukurasa wa tisa?"

"Basi ndo hivyo."

Mchana huo huo Sudi akaruka ukuta. Alifika kwao jua bado kali. Mchicha ulikuwa umelowa. Ndani mama anacheka peke yake.

"Hodi! Mama, mimi Sudi!"

Kicheko kikakatika. "Sudi gani? Sudi naongea naye hapa kwenye simu. Tena kanionya, kuna matapeli wanaigiza sauti za watoto wa watu."

"Hiyo ni mashine, mama! Niulize chochote!"

"Haya. Shati la baba yako nilikupa wapi?"

"Kituo cha treni, mvua inanyesha," Sudi akajibu. Na kule ndani sauti yake mwenyewe ikajibu vilevile, haikupishana naye hata pumzi.

"Basi niambie kitu ambacho huyu hakijui," mama akasema.

Sudi akaegemea mlango, akatafuta kichwani kitu kimoja tu ambacho hakuwahi kukitolea mfano. Akatafuta. Miezi sita mdomo wazi, yote alishayasimulia.

"Mama," ile sauti ikasema, kwa upole ambao Sudi hakuwahi kuwa nao, "usifungue."

Komeo likasukumwa kwa ndani, mlango ukafungwa.