Matundu Kwenye Kola

Chiku aliingia dukani kwa mumewe na birika la chai, akatoka bila birika na bila sauti. Ilibidi jirani ndiye apige yowe.

Sajini Joakimu alipofika, Seifu fundi cherehani alikuwa amelala kifudifudi kati ya cherehani na meza ya kukatia nguo. Mkuki ulikuwa umemwingia mgongoni. Damu ilikuwa imekauka. Mtu huyu alikuwa amekufa tangu jana jioni. Siku za mnada Seifu alikuwa akilala hapo hapo dukani ili amalize kazi za wateja, ndiyo maana hakuna aliyemtafuta.

Mlangoni alisimama Bwana Shauri, afisa wa Kiingereza aliyekuja Katesh kwa ajili ya baraza la ardhi ya Wabarabaig, nyanda za Hirbadaw. Nyuma yake alikuwa Nicodemo, mkalimani wake, ndani ya shati jeupe na tai. Chini ya fundo la tai, kibanio cha fedha kiliziminya ncha mbili za kola zisipinduke. Nicodemo aliinama kumtazama marehemu, akatikisa kichwa kwa huzuni. Alipoinama, Joakimu aliona jambo dogo: chini kidogo ya kibanio kile, kila upande wa kola, palikuwa na kitundu. Aliliona tu, hakulitilia maanani.

"Mkuki ni wa Gidamis, yule Mbarabaig," alisema Nicodemo. "Kila mtu anaujua."

"Basi kesi imekwisha," alisema Bwana Shauri kwa Kiswahili chake cha kunyoosha. "Lori la leo limpeleke gerezani Mbulu. Na ukoo wake utatozwa ng'ombe, ili wengine wajifunze."

"Nitamhoji kwanza, Bwana."

"Nimesema lori la leo, Sajini."

"Nimesikia, Bwana. Nitamhoji kwanza."

Bwana Shauri alimkazia macho, kisha akaondoka na mkalimani wake. Joakimu akabaki na askari wake, Marko. Walipomgeuza marehemu, kitu kikang'aa sakafuni: kijiti cha dhahabu, chembamba, ncha kali upande mmoja na kifundo upande wa pili. Kilikuwa kimepinda, na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye ncha.

"Sindano gani hii, afande?" aliuliza Marko.

"Pini ya kola. Unaichoma upande huu wa kola, inapita chini ya tai, inatokea upande wa pili." Joakimu aliifunga kwenye leso. "Seifu aliinyofoa shingoni mwa mtu. Funga mdomo wako."

Gidamis alikuwa amekaa chini kituoni, mikono imefungwa, shuka lake la kaniki limechanika begani walipomkamata. Karani alikuwa amemsogezea wino ili aweke dole gumba kwenye maelezo.

"Dole langu siweki," alisema. "Hata mnikate mkono."

"Mkuki ni wako?"

"Ni wangu. Siku ya mnada mmetukataza mikuki sokoni. Sote tunaiacha kwa Seifu, tunaichukua tukirudi. Jana nilikuta amefunga mlango, nikaenda zangu. Sajini, mimi nimeua simba. Ningeua mtu kwa kumchoma mgongoni, halafu nimwachie mkuki wangu?"

Joakimu aliusukuma wino pembeni. "Mfungueni mikono," alisema.

Chiku alikuwa nyumbani katikati ya wanawake waliokuja kulia naye. Alipomwona Sajini aliinuka.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Seifu aliuza pini za kola?"

"Vifungo, nyuzi na sindano tu. Pini za kola hapa wanavaa wawili, Mwalimu Tomaso na mkalimani."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

Chiku alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Ugomvi hapana. Lakini juzi alitoka barazani amekasirika. Sisi wote wawili tumekulia Hirbadaw, Kibarabaig tunakisema. Aliniambia, 'Wazee wanasema hivi, Mzungu anasikilizishwa vile.' Nikamwambia asijiingize. Akasema kuna mtu atampa nafasi ya kusahihisha maneno yake, na asiposahihisha, atasimama yeye mwenyewe aseme. Hakunitajia jina."

Mwalimu Tomaso alimpokea Sajini nyumbani kwake karibu na shule. Shati lake halikuwa na tai, na kola ilikuwa imepinduka upande mmoja. Joakimu alipomuuliza kuhusu pini yake, akaishika kola kwa haraka.

"Imepotea."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Sajini, sikudanganyi. Niliiacha mezani, nikaenda nyuma kunawa."

"Kumbe! Na jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Peke yangu."

Marko alishaanza kushika pingu. Joakimu akamzuia kwa kidole, akaomba kuona mashati. Tomaso alileta matatu, yamepigwa pasi vizuri. Joakimu akayapitia kola moja moja, akayasogeza dirishani kwenye mwanga. Kitambaa kilikuwa kizima.

"Pini yako haitoboi?"

"Haitoboi. Ni kibanio, kinauma tu kama koleo. Cha fedha."

Joakimu aliliweka shati mezani taratibu. "Asubuhi nani alikuja hapa?"

"Mkalimani. Alipita kuniuliza kama nitahudhuria baraza."

Walimzika Seifu adhuhuri. Alasiri watu wakajaa mbele ya jengo la baraza, wazee wa Kibarabaig wakiwa upande mmoja. Upepo wa mlimani ulipeperusha vumbi usoni mwa kila mtu. Bwana Shauri alikuwa mezani, Nicodemo amesimama kando yake. Lori liliunguruma barabarani, tayari kuondoka. Joakimu akaja na Gidamis, mikono huru.

"Mbona hajafungwa?" aliuliza Bwana Shauri.

"Kwa sababu hakuua, Bwana. Lori litaondoka bila yeye."

"Unakataa amri?"

"Nakataa. Kama ni kunivua cheo, nivue baada ya kunisikiliza." Akamgeukia mkalimani. "Bwana Nicodemo, hicho kibanio shingoni mwako ni cha nani?"

"Changu. Cha nani tena?"

"Kitoe."

"Sajini, huna adabu."

"Kitoe, watu waone kola."

Bwana Shauri alitaka kusema, akamwona mkalimani wake ameshika shingo kwa mikono miwili. "Kitoe," alisema.

Kibanio kilipotoka, ncha za kola zikafunguka, na kila aliyekaa mbele akaona matundu mawili, makubwa kwa kuchomwa mara nyingi.

"Kibanio hakitoboi," alisema Joakimu. "Hicho ni cha Mwalimu, ulikichukua leo asubuhi alipokuwa akinawa, kwa sababu hujawahi kutokea mbele ya Bwana bila pini na uliogopa watu watauliza. Mashati yako yote yametobolewa na hii." Akaifungua leso. "Ilikuwa chini ya Seifu. Ina nyuzi za shati ulilolificha."

Nicodemo aliitazama ile dhahabu iliyopinda.

"Alitaka kunivua nguo mbele ya watu! Fundi wa viraka, ananiambia niwatake radhi wachunga ng'ombe!"

"Wazee walisemaje kuhusu nyanda za Hirbadaw?"

Nicodemo akageuza uso, Joakimu akaiinua ile pini ya dhahabu.

"Pini hii ulipewa na nani?"

"Na mlowezi anayetaka kulima ngano," alisema Nicodemo hatimaye. "Aliniahidi usimamizi wa shamba. Wazee walikataa. Mimi nikasema wamekubali. Seifu alinikunja kola tukashikana; aliponigeuzia mgongo kufungua mlango, mkuki ulikuwa pale pale ukutani."

Marko alimfunga pingu. Bwana Shauri, uso mwekundu, alianza kukusanya vitu vyake. "Baraza limeahirishwa. Sina mkalimani."

"Yupo."

Wanawake waliokuwa nyuma wakashtuka. Chiku alipita katikati yao na khanga yake ya msiba.

"Uko kwenye eda, mwanangu," mmoja alimnong'oneza akimvuta.

"Najua nilipo. Niache."

Wazee walikuwa wamekwisha kumsogeza Gidamis mbele awasemee. Alisema kwa Kibarabaig, kwa kirefu, akinyoosha mkono kuelekea nyandani, na wazee wakaitikia kila alipotua. Alipomaliza, Bwana Shauri akamtazama mjane.

"Anasema nini?"

"Anasema hawajatoa ardhi. Juzi hawakutoa, leo hawatoi, na watoto wao hawatatoa."

"Nadhani," alisema Bwana Shauri akitafuta maneno, "anamaanisha kwamba wangependa muda wa kufikiri."

"Hapana, Bwana," alisema Chiku, akapaza sauti ili hata walio barabarani wasikie. "Amesema hawatoi."